Jumamosi Zetu za Kibabi

Ninyi vijana mnaoanza kazi ya kufundisha watu wazima mlinikuta hapa Sake, nyumbani kwa binti yangu, nimekaa mlangoni na miguu iliyovimba. Mmoja wenu alitoa simu ili anirekodi. Nikamwomba airudishe mfukoni, nikamwahidi nitaandika mwenyewe. Miaka ishirini na sita nimehangaika kuwafanya watu washike kalamu ya biki; ingekuwa aibu mimi niishie kusema tu.

Nilifanya kazi Kibabi, Masisi, katika kituo chenye vyumba viwili vya mbao na mabati. Tulikuwa na tablo mbili, mbao za kuandikia, na moja ilikuwa imepasuka katikati, hata kila neno refu lilikuwa na pengo. Wanafunzi wangu walikuwa wakulima. Walifika saa nane mchana kutoka kwenye maharagi na mihogo, wakanawa miguu kwenye mtaro, wakaingia. Wengi walitaka kusoma na kuandika barua, basi. Lakini kila mwaka walikuwako wachache walioacha sekondari katikati, na hao walitaka kumaliza, wapate diploma ya Serikali, waende mbele kwenye masomo ya juu. Kwa hao ndiko nilikofanya makosa yangu makubwa, na huko ndiko moyo wangu ulikobaki.

Kazi nilifundishwa na Papa Kibira, aliyekuwa hapo kabla yangu. Alinifundisha kwa kunigombeza. Wiki yangu ya kwanza nilimwita mbele mzee mmoja mfugaji aandike sentensi kwenye tablo. Chaki ikamkatikia kwenye herufi ya kwanza, wenzake wakacheka kidogo, bila ubaya. Kesho yake hakuja. Papa Kibira alivaa koti lake akapanda mlima hadi kwake kumwomba arudi, akashuka peke yake, amelowa. Aliniambia, "Ule muzee hatarudi tena. Weye njo ulimufukuza." Tangu siku ile sikumwita mtu mzima mbele mpaka nilipomwona anataka kusimama mwenyewe. Hata mahali pa kukaa nilimwachia achague. Mgeni hukaa karibu na mlango, na mnapomwona amesogea katikati, jueni amekubali kubaki.

Mama Vumilia alikaa karibu na mlango wiki tatu. Siku ya kwanza alikuja na mche wa haragi ndani ya mfuko wa plastiki, umeng'olewa na mizizi yake. Mizizi ilikuwa myeusi, imeoza. Alinieleza kwamba kwa misimu miwili shamba lake lilikuwa linakufa hivyo. Agronomu, mtaalamu wa kilimo wa mradi fulani, alipita, akaangalia, akaandika kitu kwa Kifaransa katika daftari lake. Mama Vumilia alipomwomba amsomee, bwana huyo akamjibu kwamba ni vigumu kueleza, akapanda moto yake, pikipiki ya mradi, akaenda.

Aliuweka ule mche juu ya meza yangu. "Papa Mwalimu, nataka kufika pale ule muntu alifika."

"Alifika wapi, mama?"

"Pale wanasomaka hii."

Alikuwa na miaka thelathini na tisa na watoto watano. Alizaliwa Mpofi, upande wa Walikale, akasoma huko hadi mwaka wa nne wa sekondari, kisha akaolewa Kibabi na fundi wa mbao aitwaye Bauma. Bauma hakufurahia habari hiyo. Alikuja kituoni kuniuliza, kwa heshima lakini akiwa amekunja uso, ni nani atapika wakati mwanamke wa miaka karibu arobaini anatembea na kartable, mfuko wa shule. Nikamjibu kwamba masomo ni saa mbili tu kwa siku. Akaniuliza kama nimewahi kupika maharagi makavu kwa saa mbili.

Njia ilikuwako, na ipo hadi leo. Mtu aliyeacha shule anaweza kujiandaa nje ya shule, akafanya jaribio la kwanza, na akipita anafanya egzetat, mtihani wa Serikali, pamoja na vijana. Nilimwambia itachukua miaka miwili. Ikachukua mitatu kwa sababu yangu.

Nisikilizeni vizuri hapa, maana kosa hili mtalifanya na ninyi. Nilipoandika orodha ya kupeleka kwa wakaguzi, sikufungua biletini yake, karatasi ya alama za shule. Niliandika jina nililolisikia kila siku kijijini: Vumilia Bauma. Siku ya jaribio tulikwenda Masisi. Alivaa sketi ya bluu na blauzi nyeupe kama mwanafunzi, nguo alizoshonesha mwenyewe, na njiani watoto walimtazama sana. Mlangoni mkaguzi akaweka orodha kando ya biletini. Biletini ilisema Mwamini Vumilia. Alisoma mara mbili, akamrudishia karatasi yake, akaita anayefuata. Nilieleza, nikaomba, nikaapa. Alisema, na alikuwa na haki, kwamba yeye hapimi watu kwa maneno ya mwalimu wao.

Tulirudi watu watatu juu ya moto moja, motari, yaani dereva, mbele, yeye katikati, mimi nyuma. Njia nzima nilitazama kola ya ile blauzi nyeupe ikiingia vumbi. Karatasi yake alikuwa ameishika mkononi. Tuliposhuka Kibabi akakunja vizuri ile karatasi, ndipo akaniambia.

"Ninyi wote munaniitaka kwa jina ya bwana yangu. Shuleni nilikuwaka na jina yangu."

Akaenda nyumbani. Siku tisa hakuonekana. Siku ya kumi nilifanya alivyofanya Papa Kibira, nikapanda hadi kwake. Nilimkuta anachambua maharagi. Sikutoa sababu, niliomba radhi tu. Alimaliza ungo wake, kisha akasema tatizo ni kubwa zaidi ya jina. Biletini aliyobaki nayo ilikuwa moja tu, na wakaguzi sasa walitaka uthibitisho wa shule yenyewe kwamba huyu Mwamini ndiye yeye na kwamba alifika mwaka wa nne. Uthibitisho huo ulikuwa Mpofi, kama ulikuwako.

Tulikwenda watatu. Bauma alisema hawezi kumwacha mke wake mikononi mwa mwalimu asiyejua kuandika jina. Nililimeza neno hilo. Moto ilitufikisha mahali matope yalipoishinda, tukaendelea kwa miguu siku mbili, tukavuka mito juu ya miti iliyolazwa, tukalala kwa jamaa zake. Alikuwa hajarudi kwao miaka kumi. Kadiri tulivyoshuka kuelekea msituni hatua zake ziliongezeka kasi, na alianza kutuonyesha vitu: hapa tulipitaga na vitabu juu ya kichwa, hapa mvua ilitukamataka.

Shule yake ilikuwa imehamishwa, na prefe, mkuu wa shule wa siku zile, alikuwa amekufa. Mjane wake alitupokea. Alisikiliza, akaingia ndani, akatoka akiviringisha pipa la bati. Ndani ya pipa, chini ya mbegu za karanga, zilikuwemo rejista za shule, zimefungwa kwa kitenge. Mume wake alimwambia azifiche panya wasizile, na hakuna aliyekuja kuziuliza tangu azikwe. Tulifungua ukurasa baada ya ukurasa hadi tukamkuta. Mwamini Vumilia, mwaka wa nne, na kando yake alama zake zote kwa wino wa bluu uliokuwa bado unang'aa.

Bauma aliniomba nimwonyeshe ni mstari gani. Akaweka kidole chake kinene pale, akauliza ile namba ya mwisho ni ya nini. Nikamwambia ni nafasi aliyopata katika darasa. Ilikuwa ya kwanza.

"Ya kwanza kwa wanawake?"

"Kwa wote, Papa."

Alikiacha kidole chake pale pale. Prefe mpya alitupatia karatasi yenye muhuri, na tulipoanza safari ya kurudi Bauma ndiye aliyebeba mzigo wa mke wake. Wiki ile ile alimtengenezea meza ndogo yenye droo, akaiweka karibu na dirisha, akawakataza watoto kuigusa.

Mwaka uliofuata Mama Vumilia alipita jaribio, na mwaka wa pili akafanya egzetat. Matokeo yalifika kwa simu, asubuhi, watu wakiwa sokoni. Mnajua tunavyofanya kwetu, aliyefaulu humwagiwa poda. Poda iliisha katika maduka ya Kibabi. Alimwagiwa kichwani kama binti wa miaka kumi na minane, na Bauma, aliyesema kartable si ya mwanamke mzima, alikuwa mweupe kuliko yeye.

Baada ya poda ikaja kimya. Hiki kimya mtakutana nacho. Mtu amepata diploma, amefurahi mwezi mmoja, kisha anaifungia sandukuni kwa sababu shule ya juu iko Goma, masomo ni kila siku kutoka Jumatatu, na yeye ana shamba, ana mume, ana watoto. Kabla yake nilikuwa nimewasaidia wengine kufika hapo wakakwama. Na niseme ukweli, hata mimi nilikuwa na yangu ndani ya sanduku la bati. Nilipata diploma nikiwa kijana, nikapata na nafasi ya kwenda kusoma. Mwaka ule baba alikufa, na nyuma yangu walikuwako wadogo zangu watano. Nikasema nitakwenda mwaka ujao. Niliendelea kusema hivyo hadi nikaacha kusema.

Mama Vumilia alikataa kufunga yake. Aliniambia twende tukamwone mkuu wa sekta ya maendeleo ya vijijini katika shule moja ya juu huko Goma. Tulisubiri kwenye koridoo tangu asubuhi. Tulipoingia, mimi nilikuwa nimeandaa hotuba ya Kifaransa. Yeye hakuningojea.

"Papa Direktere, sisi hatuwezi kuleta mashamba yetu hapa. Ninyi munaweza kuleta masomo kule."

Yule bwana alicheka, kisha akaacha kucheka akatuangalia. Akasema kama tutapata watu kumi na watano wenye diploma ya Serikali, na chumba kisichovuja, atatuma waalimu wake kila Jumamosi, na wiki nzima nzima wakati wa kiangazi. Kumi na watano, si kumi na wanne. Alitaja siku ya mwisho ya kuleta majina.

Tulizunguka milima. Tulipata waalimu wa shule ya msingi, muuguzi, katekista, motari mmoja aliyekuwa na diploma chini ya kiti cha moto yake ndani ya plastiki, akina mama wanne. Bauma alianza kupiga randa mabenchi kabla hatujajua kama yatakaliwa. Asubuhi ya kupeleka orodha mmoja wa wale waalimu akajitoa, mke wake alikuwa mgonjwa. Tukabaki kumi na wanne. Motari alikuwa tayari anawasha moto.

Mama Vumilia alikuwa na biki mkononi. "Papa Mwalimu, diploma yako iko wapi?"

Nikamwambia nina miaka hamsini na minne.

"Mimi niko na arobaini na mbili. Uliniambiaka miaka si kitu. Ulikuwa unanidanganya?"

Nilitazama biki mkononi mwake. Nilikuwa nimewaambia watu maneno hayo mwaka baada ya mwaka, na pale nikagundua kwamba sikuwahi kuyasadiki kwa ajili yangu. Nilikwenda nyumbani, nikatoa diploma, nikarudi nayo. Akaliandika jina langu kwa utaratibu, herufi baada ya herufi, akitazama karatasi. Moyoni nilijipangia kwamba ni namba tu. Darasa likishafunguliwa nitajitoa polepole.

Jumamosi ya kwanza alikuja asistanti, mwalimu msaidizi wa shule ya juu, kijana mwembamba, matope hadi magotini. Angeweza kuwa mtoto wangu wa mwisho. Aliita majina. Alipofika kwa Ndoole, jina langu, nikasikia sauti yangu inasema "Prezan", nipo, kama mtoto, na sikujitoa siku ile wala siku nyingine.

Siku zile ndizo ninazozikumbuka nikiamka. Sitaki kuzipamba. Benchi lilikuwa gumu. Nilikuwa sioni vizuri tablo, na hesabu za takwimu zilinitoa jasho. Lakini nilikuwa nimekaa, na mtu mwingine alikuwa amesimama mbele na chaki, na mimi sikuwa na wajibu ila kusikiliza. Mvua ikipiga mabati hata sauti haisikiki, asistanti aliacha kusema, sote tukangoja, tukipitishiana mahindi ya kuchemsha, harufu ya majaketi yaliyolowa imejaa chumbani. Hakuna aliyetaka kuondoka. Nilijikuta nimekaa karibu na mlango. Baada ya mwezi, bila kujua, nilikuwa benchi la katikati, kati ya muuguzi na yule motari, na Mama Vumilia alikuwa ananinong'oneza jibu la takwimu.

Juma la tatu, somo la udongo, Mama Vumilia alitoa swali lake la mizizi inayooza. Alikuwa amelibeba miaka yote. Asistanti alichora mzizi kwenye ile tablo iliyopasuka, akaeleza kwa Kifaransa, kisha akarudia kwa Kiswahili chetu: ni kuvu inayokaa katika udongo wenye maji mengi na uliochoka kwa kupandwa kitu kimoja kila msimu. Pandisha matuta, badilisha mazao, tafuta mbegu inayovumilia. Maneno hayo hayakuchukua hata nusu saa. Niliuona mkono wake unaandika, na machozi yanadondoka kwenye daftari, na hakuyafuta kwa sababu hakutaka kuacha kuandika. Msimu uliofuata alinipeleka shambani, akang'oa mche mmoja, akaninyooshea. Mizizi ilikuwa myeupe.

Nilimaliza mwaka wa kwanza. Nilipata alama za kupita, si za kujisifu. Niliupeleka ule ukurasa wa alama kwenye kaburi la baba, nikakaa hapo kidogo, nikarudi nyumbani.

Mwaka wa pili tulisoma miezi minne. Jumamosi moja asistanti alirudishwa njiani hapa Sake, barabara imefungwa. Jumamosi iliyofuata pia. Tuliendelea kukutana bila yeye, tukarudia masomo ya zamani, muuguzi akiongoza. Kisha milio ya bunduki ikasogea, watu wakafunga magodoro, nasi tukafunga yetu. Bauma aliiacha ile meza yenye droo, akambeba mama yake mgongoni. Sikuaga hata mmoja. Katika kumi na watano ninajua walipo saba. Motari alinipigia simu mara moja kutoka Walikale, mtandao ukakatika. Nimeambiwa mabati ya kituo yaling'olewa. Simlaumu aliyeyachukua, alihitaji kulala mahali.

Mama Vumilia alifika Goma na watoto wote, wakapewa pembe katika nyumba ya jamaa. Alipopata nafasi ya kupumua alikwenda kwa yule mkuu wa sekta, akamwambia kwamba sasa kwa kuwa vita imemleta mjini, basi asome kila siku. Alama zetu za Kibabi zilikuwa zimehifadhiwa. Aliingia na vijana, akauza sombe, majani ya mihogo, alfajiri kabla ya masomo, akaendelea hadi mwisho.

Alinipigia simu mara nyingi nami nije. Kutoka Sake hadi Goma si mbali. Nilimwambia magoti, nikamwambia macho, nikamwambia wajukuu. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa sababu. Niliogopa kuwa mzee peke yangu mule ndani. Kibabi tulikuwa wazee pamoja. Kama mtachukua kitu kimoja katika karatasi hizi, chukueni hicho: mtu mzima msimtafutie nafasi tu, mtafutieni na wenzake. Mkimpeleka mmoja peke yake kati ya watoto, mara nyingi atarudi, na atawaambia ni magoti.

Siku ya kutoa diploma alinitumia moto inichukue. Nilivaa koti. Ukumbi ulikuwa umejaa, wamama wa kwao wanapiga vigelegele, Bauma mbele kabisa amevaa kofia. Kabla ya kuanza, binti mmoja mwenye karatasi mkononi aliomba tujipange: wanaopokea diploma kulia, wazazi na jamaa kushoto. Watu wakasukumana. Nilimwona Mama Vumilia kule mbele katika joho lake, na katika kumfuata kwa macho miguu yangu nayo ikamfuata. Nilipotazama, nilikuwa nimesimama kulia, katikati ya mstari, na nilikuwa nimenyoosha koti langu.

Yule binti alinifikia. Alikuwa na adabu. Aliangalia orodha yake ya makundi ya wahitimu, akaniangalia.

"Papa, weye uko wa promosio gani?"

"Ya Kibabi," nikamwambia.

Alitafuta juu ya karatasi, akageuza, akatafuta upande wa pili. Nilimwacha atafute hadi mwisho. Kisha nikamwambia asijisumbue, nikavuka ukumbi, nikaenda kusimama na wazazi.